Maswali ya Wasomaji: Momella, Meru na Marangu kwa Gari Lako

Barua nyingi za safari zilizotufikia ni za watu wenye gari lao, likizo fupi, na hamu ya kuona ziwa na mlima kwa mkupuo mmoja. Tumechagua tano.

Tuko watano kwenye Noah, tuna siku nne kuanzia Arusha. Tunataka Hifadhi ya Taifa ya Arusha na maziwa ya Momella, halafu tupande Kilimanjaro kidogo tu, bila kulala mlimani. Tuanzie wapi? (Msomaji, Dodoma)

Anzeni Momella, mmalizie Marangu. Momella ni mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, ni mita 2,720. Mkienda kwa mpangilio huo mwili unapata siku mbili za kuzoea kabla haujapandishwa. Jambo la pili ni mawingu. Meru na Kilimanjaro huonekana vizuri alfajiri, na siku nyingi ikifika saa nne imeshafunikwa. Basi mambo yote ya kutazama na kutembea yawekeni asubuhi, mchana uwe wa kuendesha na kula.

Siku ya kwanza jazeni mafuta Usa River, kwa sababu hifadhini hakuna kituo. Hapohapo mnakata kushoto, na baada ya kilomita kama 10 mnafika lango la Ngurdoto. Fedha taslimu hazipokelewi: mnapewa namba ya kumbukumbu, mnalipa kwa simu, benki au kadi. Mtandao ukigoma mtakaa pale mkitazamana, kwa hiyo wekeni salio kwenye simu mbili za mitandao tofauti. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa cha kuonyesha kwamba anastahili bei ya raia.

Ukipita lango tu kuna uwanda uitwao Serengeti Ndogo, wenye twiga, nyati na pundamilia. Msiumalize haraka. Kutoka hapo barabara inapanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Kushuka ndani hakuruhusiwi, mnatazama kutoka juu, na Leitong ndiyo sehemu ya juu zaidi. Kama mvua imenyesha usiku na Noah yenu haivuti magurudumu yote manne, iacheni kreta, nendeni moja kwa moja kwenye maziwa. Ule mteremko wa udongo chini ya miti haukauki mapema.

Siku ya pili, saa moja asubuhi, muwe lango la Momella. Chagueni kitu kimoja: kutembea na askari wa hifadhi hadi maporomoko ya Tululusia, saa mbili hadi tatu kwenda na kurudi, au kupiga kasia kwenye ziwa la Momella Ndogo kabla upepo wa mchana haujaamka. Wanaolazimisha vyote viwili hujikuta wanaingia Marangu gizani. Mchana rudini barabara kuu, mpite Moshi hadi njia panda ya Himo, mkate kushoto kupanda Marangu. Kwenye kila kibao cha 50 shukeni kweli hadi 50; tochi za polisi za kupima mwendo kwenye barabara hiyo hazilali.

Siku ya tatu ni Mandara. Ni kilomita 8 za msitu wenye mbega, saa tatu hadi nne kupanda, mbili hadi tatu kushuka. Ukiacha lango saa mbili asubuhi, utakuwa na muda wa kuongeza dakika 15 hadi kreta ya Maundi, na hiyo ndiyo zawadi ya siku nzima: msitu unaisha, na anga likiwa wazi unaona vilele vya Kibo na Mawenzi kwa pamoja. Msijaribu kusogea Horombo, kituo kinachofuata. Iko mita 3,720, na kwenda na kurudi kwa siku moja ni mateso yasiyo na faida.

Siku ya nne pitieni Ziwa Chala upande wa Rombo, ambalo ni la kreta na limegawanywa na mpaka wa Kenya. Si hifadhi ya taifa, ila kwa macho yetu linayashinda yote ya safari hii. Litazameni mkiwa juu ya ukingo. Msiogelee: mamba wa Chala si hadithi, mwaka 2002 mgeni kijana aliuawa na mmoja wao.

Mwaka jana tukishuka Marangu gari lilitoa harufu kama ya plastiki inayoungua, na pedali ya breki ikawa laini. Fundi alisema breki ni nzima. Tatizo lilikuwa nini? (Msomaji, Morogoro)

Fundi alisema kweli, breki zilikuwa nzima; zilichemka. Kutoka lango la Marangu hadi Himo unashuka karibu mita 1,000 ndani ya takriban kilomita 20, na ukiwa umebeba watu na mizigo huku mguu haubanduki kwenye pedali, joto lote hilo linaingia kwenye diski na pedi. Harufu ni ya pedi. Ulaini wa pedali ni jambo jingine, na ndilo la hatari: mafuta ya breki yalianza kuchemka, yakatengeneza mvuke, na mvuke unabonyea. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza unyevu wa hewa hushuka hadi nyuzi 140 hivi. Ndiyo maana gari la mafuta ya miaka mitano linakufanyia hivyo mlimani, ilhali mjini halina shida. Badilisheni mafuta hayo kila baada ya miaka miwili.

Kwenye kushuka, kazi ya kushikilia gari iachieni injini. Kwa gia za mkono, shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Kwa otomatiki za Toyota za zamani, bonyeza kitufe cha ubavuni mwa gia mpaka taa ya O/D OFF (gia ya juu kabisa imezimwa) iwake, na mteremko ukizidi weka 2. Injini italia kwa sauti ya juu. Iacheni ilie, haiungui. Breki inakanyagwa kwa nguvu kwa sekunde chache, kisha inaachiwa ipoe. Kuigusagusa kidogokidogo mwendo wote ndiko kunakoiunguza.

Harufu ikianza, simameni mahali tambarare, wekeni jiwe nyuma ya tairi badala ya kuvuta breki ya mkono, msubiri nusu saa. Msimwage maji kwenye ringi. Diski ya moto ikimwagiwa maji hupinda, na kuanzia hapo usukani utatetemeka kila ukifunga breki.

Tunaweza kuzunguka maziwa ya Momella kwa miguu wenyewe? Na maji ya vijito vya pale tukiyachemsha yanatosha kunywa? (Msomaji, Tanga)

Kwa miguu, hapana. Kutembea ni pamoja na askari mwenye bunduki, na sababu kubwa ni nyati. Dume mzee anayejitenga hulala kwenye matete kando ya maji, wala humwoni mpaka mko hatua kumi. Kwa gari mnazunguka wenyewe, ila mnashuka kwenye vituo vilivyoruhusiwa tu.

Kuhusu maji, jibu ni hapana kubwa zaidi. Maziwa haya yana magadi, na kila moja lina mchanganyiko wake wa madini, ndiyo maana rangi zinatofautiana ingawa yamekaa jirani. Vijito na visima vingi vya upande huu wa Meru vina floridi nyingi. Meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa Ngare Nanyuki na Maji ya Chai yametokana na hiyo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Kinyume chake, maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki ileile, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Vidonge vya klorini navyo havisaidii hapo. Kinachoiondoa ni chujio maalumu, kama lile la mkaa wa mifupa. Siku mbili tatu hazitakuharibu meno, lakini kwa nini ujaribu na watoto mko nao? Bebeni maji kutoka mjini: lita 3 kwa kila mtu kwa siku ya kutembea, na lita 5 za akiba kwa ajili ya rejeta.

Kampuni moja inatuuzia Meru kwa siku tatu, nyingine inasema lazima siku nne ili tusiumwe kichwa. Nani mkweli? (Msomaji, Mwanza)

Wote wanauza. Linganisheni ratiba usiku kwa usiku. Kwenye siku tatu unalala kituo cha Miriakamba, mita 2,500 hivi, kisha kituo cha Saddle, mita 3,570, halafu unaamka saa saba au saa nane usiku kuelekea kilele cha mita 4,566. Kwenye siku nne kupanda ni kulekule, vituo vilevile. Usiku wa ziada unalalwa Miriakamba wakati wa kushuka. Kwa maneno mengine, siku ya nne inaokoa magoti, haiokoi kichwa. Magoti nayo yana haki yake: wa siku tatu wanashuka zaidi ya mita 3,000 kwa siku moja, kutoka kileleni hadi lango la Momella.

Anayeogopa kichwa aombe usiku wa pili Miriakamba au Saddle kabla ya kilele. Na jioni mkifika Saddle msilale mapema kwa uchovu. Pandeni Meru Ndogo, mita 3,820, kisha mrudi kulala chini yake.

Kichwa kinachotulia kwa maji, chakula na dawa ya kawaida kinavumilika, ila msipande zaidi mpaka kiishe. Mtu akianza kuyumba, mpeni atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, au akihema akiwa amekaa, au akikohoa kikohozi cha majimaji, ashushwe saa ileile, hata kama ni usiku wa manane na hata kama yeye mwenyewe anakataa. Asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni ya kuongea na daktari kabla ya safari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Nilinunua buti nzuri za mtumba, karibu mpya. Soli zote mbili zimebanduka siku moja. Niliuziwa feki? (Msomaji, Iringa)

Si feki, ni umri. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka la sponji ya poliyurethani. Likikaa miaka bila kuvaliwa, unyevu wa hewa unalivunjavunja kutoka ndani huku ngozi ikibaki inang'aa. Ndiyo maana buti "karibu mpya" ya mtumba inatia wasiwasi kuliko iliyochakaa kidogo.

Ukiwa Memorial pale Moshi au soko lolote, ikunje buti kwa mikono miwili kisha bonyeza sponji kwa ukucha. Ikibaki na kovu, ikidondosha unga au ikionyesha nyufa nyembamba pembeni, irudishe. Iliyopita jaribio itembeze kilomita 10 na mzigo kabla ya safari. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, na wakati wa kushuka kaza kamba kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Bado weka mkobani mita 2 za kamba nyembamba: soli ikifunguka njiani, pitisha kamba hiyo chini ya unyayo katikati, izungushe juu ya buti, funga fundo pembeni. Fundo likikaa juu ya mguu litakuchubua kabla hujafika lango.