Jibu: p53 haionekani kwenye HeLa kwa kingamwili DO-1

Mkuu, umesema p53 (protini inayozuia seli kugeuka saratani) haionekani kwenye western blot yako, yaani kipimo cha kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitafuta kwa kingamwili, hapa DO-1. Kabla hujanunua chupa nyingine ya DO-1, angalia seli zako. HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi, zina kirusi cha papiloma HPV-18, na protini E6 ya kirusi hicho huipeleka p53 kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini, ikavunjwe. Ipo, ila kiduchu, hivyo mikrogramu 10 za protini ulizopakia hazitoshi. DO-1 haina kosa hapo.

Pakia mikrogramu 30 kwenye jeli ya 10%. Pembeni weka MCF-7 (seli za saratani ya matiti) zilizokaa na doksorubisini, dawa inayoharibu DNA, mikromola 0.5 kwa saa 16 hadi 24. P53 yao ni ya kawaida na hupanda vizuri. Weka na H1299 (seli za saratani ya mapafu), ambazo hazina p53 kabisa: mstari ukitokea hata huko, unachokiona si p53. Ukitaka kuiona ndani ya HeLa zenyewe, ziwekee MG132, kizuizi cha proteasomu, mikromola 10 kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kuzivuna.

Utando uzuie (ufunike sehemu tupu ili kingamwili isinate ovyo) kwa maziwa ya unga 5% kwenye TBST, bafa ya Tris yenye chumvi na Tween, saa moja. DO-1 anza na 1:1000, usiku kucha kwenye nyuzi 4, kisha osha mara tatu, dakika 10 kila mara.

Zile NIH 3T3 ulizotaja, ambazo ni seli za panya, hapo ndipo unapoteza muda. DO-1 hushika kipande cha asidi amino 20 hadi 25 cha p53 ya binadamu, na ya panya haishiki. Kuongeza kiasi cha DO-1 kutachafua utando tu. Tafuta kingamwili 1C12, hiyo hushika zote mbili.