Swichi ya taa ikianza vituko: maswali yenu

Nikigusa swichi ya sebuleni inalia "chrrr" na taa inapepesa. Ninunue balbu nyingine?

Acha balbu. Taa ikipepesa kwa kuguswa swichi, mara nyingi skrubu inayobana waya imelegea, umeme unaruka kwenye mwanya na kuunguza. Gusisha testa (bisibisi ya kupimia umeme) kwenye soketi yenye umeme uone kama testa yenyewe inawaka, ndipo uzime meni swichi (breka ya taa peke yake inatosha iwapo una hakika ndiyo yenyewe). Fungua skrubu mbili za mbele, vuta swichi taratibu, pima kila waya kwa testa, kisha uvute mmojammoja kidogo kwa mkono. Unaochomoka ndio mbaya wako. Kata ncha iliyoungua, menya upya kama milimita 8, ikunje mara mbili ijae tunduni, kaza. Plastiki ikiwa imebadilika rangi au inanuka kuungua, usihangaike na kukaza: weka swichi mpya ya ampea 10.

Taa ya LED inabaki na mwanga hafifu hata nikizima. Swichi imekufa?

Si lazima. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuionyesha gizani hupitisha umeme kiasi, na LED hutosheka na kidogo hicho. Kama haina kitaa, huenda fundi alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto. Hilo ni kosa kubwa: hata ukizima, holda ina umeme, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti. Mwite fundi ageuze waya.

Nimebadilisha swichi moja kati ya mbili za ngazini. Sasa taa inatii hiyo mpya pale tu ile nyingine ikiwa upande mmoja.

Umehamisha waya wa COM, yaani tundu la pamoja la swichi; L1 na L2 ni matundu yake mengine mawili. L1 na L2 zikibadilishana hakuna neno, lakini COM ina waya wake. Kama hukupiga picha kabla ya kufungua, zima meni swichi, badilishanisha waya ulio COM na mmoja wa wale wa L1 na L2, washa ujaribu. Ikikataa, zima tena, uweke COM ule wa mwisho.

Swichi ya bafuni inanipiga shoti kidogo.

Zima breka yake sasa hivi na usiiguse tena swichi hiyo. Unyevu umeingia, au boksi la chuma halina ethi (waya wa ardhini). Fundi akija, mwambie aihamishie nje ya mlango.