Barua kwa mwanangu: sauti ya Siti

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, kwenye santuri ya zamani uliyoinakili, anasikika mwembamba na mikwaruzo tele, na kwa nini wimbo unakatika kabla haujakolea.

Kosa la kwanza ni la sindano. Sindano ya santuri za kisasa za muda mrefu (LP) ni nyembamba mno. Huteremka hadi chini kabisa ya mfereji, palipojaa vumbi. Tafuta ya santuri za 78, yaani zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ambayo ncha yake ni pana kama mara tatu. Isafishe santuri kwa maji na tone la sabuni, bila kulowesha lebo. Spiriti usiiguse kabisa, maana huyeyusha santuri yenyewe. Na hiyo kasi ya 78 haikushikwa sawasawa kila mara wakati wa kurekodi. Sauti ikiwa juu mno, punguza kasi kidogo.

Wimbo kukatika si kosa lako. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 huchukua dakika tatu na ushei tu, na taarabu ya barazani haina haraka hiyo. Soma lebo ya upande wa pili, huenda wimbo unaendelea huko.

Jitahidi uyasikie maneno, kwani ndiyo yaliyomkuza. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, akauza vyungu, akahamia mjini karibu na 1911, akafunzwa kuimba na kupiga ala. Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye na wenzake, kina Subeit bin Ambar na Mbaruk Talsam, waliileta kwa Kiswahili, na yaliyotokea mitaani yakawa nyimbo. Wimbo wao “Kijiti” unamtaja mwuaji aliyetorokea bara huku wanawake waliotoa ushahidi wakifungwa. Msikilizaji wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, alijua kila aliyesemwa.

Ndiyo maana mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV ilipowapeleka Bombay kurekodi, santuri ziligombaniwa. Kufikia 1931 zilizouzwa zilipita 70,000. Wasioweza kununua gramafoni walizisikiliza kwa wenye nazo. Siti alifariki 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Usome kabla hujanakili santuri nyingine, utayatambua majina yanayotajwa ndani ya mikwaruzo.

Mzazi wako