Usihesabu sifuri, hesabu miruko ya nukta

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tunajifunza kuandika namba kwa kifupi: tarakimu moja tu isiyo sifuri kushoto kwa nukta ya desimali, kisha mara kumi kwa kipeo, ile namba ndogo ya juu. Kasi ya mwanga, mita 299,800,000 kwa sekunde, niliiandika 2.998 × 10⁵ kwa sababu niliona sifuri tano. Nikakosa. Nayo 0.000032 nikaiandika 3.2 × 10⁻⁴, nikakosa tena. Kujaribu kwenye kalkuleta, ikaniletea 3.2E-05. Hiyo E ni alama ya kosa?
Mwanafunzi aliyechoka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa lako nalijua, maana nami nililifanya muhula mzima. Nilikuwa nahesabu sifuri, hadi mwalimu wangu aliponishika mkono, akaweka ncha ya penseli yangu kwenye nukta na kusema: "Haya, irushe."

Irushe nawe. Kwenye 299,800,000 nukta haionekani, lakini ipo mwishoni, baada ya sifuri ya mwisho. Ipeleke kushoto, tarakimu moja moja, mpaka kushoto kwake ibaki 2 peke yake. Imeruka sifuri tano, kisha 8, 9 na 9. Jumla nane, basi ni 2.998 × 10⁸. Hizo tatu ulizoziacha si kitu kidogo: mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 na ushei, kwa kasi uliyoiandika wewe ungechukua karibu siku sita njiani!

Kwenye 0.000032 nukta inakwenda kulia. Inaruka sifuri nne, halafu inairuka na 3 yenyewe ili itue kati ya 3 na 2. Tano, si nne: 3.2 × 10⁻⁵. Na hiyo alama ya hasi isikutishe. Haisemi kwamba namba ni hasi, inasema tu kwamba nukta ilikwenda kulia kwa kuwa namba ni ndogo kuliko 1. Uzito wa elektroni ni kilo 9.109 × 10⁻³¹. Ukiuandika wote, utaweka sifuri 30 baada ya nukta ndipo uifikie 9. Miruko 31, sifuri 30. Mtego ni uleule uliokunasa.

Sasa hiyo E. Si kosa hata kidogo. Kalkuleta nyingi hazina pa kuandika kipeo kwa juu, kwa hiyo E husimama badala ya "mara kumi kwa kipeo cha". Kumbe ilikuwa imeshakupa jibu sahihi, ukaishuku bure. Ila kwenye karatasi ya mtihani usiinakili E hiyo, andika 3.2 × 10⁻⁵.