Kunasa Makosa ya Mwendelezo katika Filamu za Vichekesho

Filamu ya vichekesho itazame kwanza kama mtu aliyelipia tiketi, ucheke hadi uchoke, ndipo uirudie kwa ajili ya makosa ya mwendelezo, yaani vitu vinavyobadilika bila sababu kutoka kipande kimoja cha picha hadi kingine. Makosa mengi ya filamu za aina hii hujificha palepale mtazamaji anapocheka, na anayeanza na msako hujinyima raha bila kupata anachokitafuta, kwa kuwa bado hajui kicheko kimekaa wapi. Mimi huandika pembeni dakika ya kila kicheko kikubwa, kisha hurudi hapo nikiwa nimezima sauti. Maneno yakishaondoka, macho hubaki na mikono, glasi, sahani na nguo.

Anza na meza ya chakula. Katika Pretty Woman, filamu ya mapenzi na vichekesho iliyoongozwa na Garry Marshall mwaka 1990, Julia Roberts anakula croissant, mkate laini wa siagi, wakati wa kifungua kinywa, na shoti inapobadilika anaonekana ameshika pankeki. Hapo hakuna muujiza. Onyesho la dakika mbili huweza kupigwa kwa saa nyingi, kila pembe ya kamera kwa zamu yake, kila zamu ikirudiwa tena na tena, na mhariri huja baadaye kuunganisha vipande vya marudio tofauti. Katika vichekesho kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu waigizaji wengi hubuni maneno papo hapo na hakuna anayekumbuka neno fulani lilitamkwa glasi ikiwa mkono upi. Mhariri akilazimika kuchagua kati ya kipande ambacho glasi imekaa mahali pake lakini jibu limechelewa kutoka, na kipande ambacho jibu limetoka barabara lakini glasi imehama, atachukua cha pili, nami namuunga mkono bila kusita.

Niliyaona hayo kwa karibu nilipopewa kazi ya kuangalia mwendelezo katika filamu fupi ya vichekesho iliyopigwa kwenye nyumba ya kawaida jijini Dar es Salaam. Mwigizaji wetu mkuu alivaa kanga, na kila baada ya mapumziko aliifungua na kuifunga upya, hivi kwamba maneno ya kanga yaliyokuwa yakisomeka karibu na magoti yakahamia kiunoni yakiwa juu chini, na mara nyingine yakapotelea ndani ya mkunjo. Ilinibidi nimpige picha kwa simu kila alipotaka kuinuka, kisha nisimame naye kabla ya kamera kuwashwa tukilinganisha fundo na pindo. Tangu hapo, ninapotazama filamu za hapa nyumbani, hukimbilia vitu ambavyo mwigizaji hujivalisha mwenyewe: kilemba, vifungo vya shati, mikono iliyokunjwa. Hutazama pia kivuli cha dirisha sakafuni, maana mazungumzo yaliyoanza kupigwa asubuhi yakamalizika alasiri hayawezi kulificha jua.

Hata hivyo, usiwe mwepesi wa kutangaza kosa, kwani wachekeshaji hukosea kwa makusudi. Katika Young Frankenstein ya Mel Brooks, ya mwaka 1974, kibyongo cha Igor, msaidizi wa daktari Frankenstein, kinahama kutoka bega moja hadi jingine. Mwigizaji Marty Feldman alikuwa akikihamisha kwa siri ili kuwatania wenzake, na walipogundua, utani huo ukaingizwa kwenye filamu, hadi daktari anataka kuuliza kama hakikuwa upande wa pili, kisha anaghairi. Vivyo hivyo katika Airplane! ya mwaka 1980, ndege ya jeti inanguruma kwa sauti ya ndege ya panga boi mwanzo hadi mwisho, na huo ni mzaha uliopangwa. Kipimo changu ni kutazama iwapo filamu inalirudia jambo hilo au kulizungumzia; kosa la kweli hupita kimya.

Kuhusu maikrofoni zinazochungulia kutoka juu ya picha, zipo nyingi, lakini uliza kwanza unatazama nakala gani. Filamu nyingi zilipigwa kwa fremu ndefu kwenda juu, na sehemu za juu na chini zikafunikwa wakati wa kuonyeshwa ukumbini. Kanda za video za televisheni za zamani mara nyingine ziliondoa kifuniko hicho. Ndivyo ilivyokuwa kwa Pee-wee's Big Adventure ya Tim Burton, ya mwaka 1985, ambamo Pee-wee anavuta mnyororo mrefu ajabu kutoka kwenye kisanduku kidogo cha baiskeli. Ukumbini watu waliona kiini macho cha kuchekesha, ilhali kwenye kanda ya video mnyororo ulionekana ukiingizwa kisandukuni kutoka chini. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kosa la namna hiyo, tafuta nakala yenye umbo la sinema uitazame dakika ileile.