Ndege ililia, nikafurahia kimya

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nina saa 11 za mafunzo ya urubani, nimejikusanyia hela, nataka hedseti ya kuzima kelele kama yako. Ninunue ipi?" Jibu la swali hilo lingetosha mistari miwili. Nimeandika na kufuta mara tatu, maana kila nikianza kutaja majina ya hedseti inanijia sauti ya mwalimu wangu akiwasimulia watu jinsi ndege ilivyokuwa ikilia huku mimi natabasamu. Basi utanisamehe, mdogo wangu. Kabla ya kukujibu nitakusimulia nilivyoaibika.

Unachokitaka nakijua, kwa sababu nilikitaka. Nilijifunza kuruka kwa hedseti ya chuo iliyobana kichwa kama koleo, sponji zake zimekauka na kukakamaa kwa jasho la wanafunzi walionitangulia. Nilikuwa nikishatua, masikio yanaendelea kuruka. Usiku nikilala nasikia injini. Siku nilipopata hedseti yangu mwenyewe, nikabonyeza kitufe, injini ikaenda mbali kama vile mtu amefunga mlango kati yangu na yenyewe. Nilicheka peke yangu. Nikamsikia mwongozaji wa ndege wa mnarani neno kwa neno, hata pumzi yake. Nilishuka siku ile nikijiona rubani kamili, na nilikuwa na saa sitini na kitu tu za kuruka.

Ujue kwanza kinachotokea mle ndani. Propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 2,400 kwa dakika inapiga hewa mara 80 kila sekunde. Injini ya silinda nne nayo, kwa mzunguko huohuo, inalipuka mara 80 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo mzito unaokaa kifuani. Hedseti ina maikrofoni ndogo ndani ya kikombe cha sikio, inausikia mngurumo, kisha spika inatoa wimbi la kinyume chake, bonde pale penye mlima, yakafutana. Kwa sauti nzito inafanya kazi ajabu. Kwa sauti nyembamba haiwezi sana; hizo zinazuiwa na kikombe chenyewe na sponji yake, kama mlango unavyozuia. Shika hilo, nitalirudia.

(Hata chanzo chake kinafurahisha. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alipata wazo la kuzima kelele mwaka 1978 akiwa abiria, anatoka Zurich kwenda Boston, hedifoni za ndege zimemchosha kwa kelele. Mwaka 1986 marubani Dick Rutan na Jeana Yeager walizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua, siku tisa, wakiwa na hedseti za majaribio za namna hiyo. Zilianza kuuzwa kwa marubani mwaka 1989. Kwa hiyo wazo lilizaliwa kwenye kiti cha abiria. Mimi nililitumia nikiwa kwenye kiti cha rubani kama vile bado ni abiria, na hapo ndipo nilipokosea.)

Sasa aibu yenyewe. Nilikuwa sijaruka kwa wiki kadhaa, nikaenda kupimwa na mwalimu wangu wa zamani. Ndege ndogo, Cessna 172, asubuhi tulivu, futi 3,000 juu ya ardhi. Akaniambia nipunguze mwendo, nipande huku nageuka kushoto. Nikafanya, pua juu, kona nzuri, moyo mweupe. Yeye alikuwa na hedseti yake kuukuu isiyo na betri, sikio moja ameliacha wazi nusu kama kawaida yake.

"Unasikia nini?" akaniuliza kwenye intakomu, ile njia ya kuongea kwa hedseti ndani ya ndege.

"Sisikii kitu, Mwalimu." Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza: "Ndiyo raha yake."

Hakunijibu. Alinyoosha mkono akanifunua sikio la kushoto, na honi ya stoli, ile inayotahadharisha kwamba bawa linakaribia kushindwa kubeba ndege, ikaniingia kichwani. Ilikuwa inalia pale pale, juu ya bega langu, na nadhani ilikuwa imelia kwa sekunde nyingi. Akasukuma pua chini yeye mwenyewe, akaongeza nguvu, akanyoosha mabawa, wala hakusema neno mpaka tulipotua.

Kwenye ndege hiyo honi ya stoli haina umeme. Kuna tundu dogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Bawa linapokaribia kuishiwa nguvu ya kubeba ndege, shinikizo la hewa pale tunduni hubadilika, hewa inavutwa kupitia ulimi kama wa zumari, zumari likalia. Huanza mwendo ukiwa umebakiza noti 5 hadi 10 (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege) kufikia stoli yenyewe. Haiingii kwenye intakomu. Inalilia hewani, ndani ya kibanda, na anayeisikia ni mwenye masikio yanayofika huko. Yangu yalikuwa yamefungiwa. Ningekuwa kwenye kona ya kuuelekea uwanja, futi 500, peke yangu, nisingekuwa na wa kunifunua sikio.

Baadaye chai ikinywewa, mbele ya wanafunzi wake na marubani wawili ninaowaheshimu, akasema: "Huyu bwana amenunua uziwi kwa bei kubwa." Wakacheka. Nami nikacheka. Ni miaka miwili sasa na bado nikipita pale nakisikia kile kicheko, kuliko hata honi.

Nilikasirika, nitakuwa mkweli. Nikaamua kumthibitishia kwamba kakosea. Nikalipia saa nyingine, nikaenda na mwalimu mwingine juu kabisa, tukarudia stoli zile zile kwa mipango tofauti. Raundi ya kwanza niliacha kila kitu kama nilivyozoea, kizima kelele kinafanya kazi na sauti ya redio iko pale pale ninapoiweka siku zote. Honi sikuisikia mpaka ndege ilipoanza kutetemeka. Raundi ya pili nikashusha sauti ya redio karibu nusu. Honi ikaja! Nyembamba, mbali kidogo, lakini ya wazi. Raundi ya tatu nikazima kizima kelele, na hapa ndipo niliposhangaa: honi nilisikia, ila imezama kwenye mngurumo, si bora kuliko raundi ya pili.

Kwa hiyo mwalimu wangu alikuwa sahihi kwa matokeo, siyo kwa sababu. Hilo sijawahi kumwambia, naliandika hapa. Kumbuka nilichosema: kizima kelele hufuta sauti nzito, na honi ni nyembamba. Mwizi wangu mkubwa alikuwa kitufe cha sauti. Nilitoka kwenye hedseti ya chuo na tabia ya kufungulia redio mpaka mwisho, nikaihamisha tabia hiyo kwenye hedseti ambayo haihitaji hata nusu yake. Minong'ono ya marubani wengine kwenye redio ikatosha kufunika zumari.

Mwizi wa pili alikuwa ndani yangu. Kwa hedseti ya zamani nilikuwa najua mwendo wa ndege kwa masikio bila kujijua. Upepo ukipungua kuvuma kwenye kioo, injini ikianza kulemewa, mkono wenyewe unashusha pua. Kizima kelele kilipoyaondoa hayo, sikuweka kitu badala yake. Macho yangu hayakuwa na mazoea ya kurudi kwenye mita ya mwendo kila baada ya sekunde chache. Nilikuwa naruka kwa masikio, kisha nikayaziba masikio. Ni vivyo hivyo kwa injini. Barafu ikianza kujijenga kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, mizunguko ya injini inashuka polepole, na sikio lililozoea lingehisi. Sasa lazima mshale wa mizunguko uutazame kama unavyotazama mtoto karibu na moto.

Si mimi tu niliyegundua. Mwaka 2007 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa taarifa kuwakumbusha marubani kwamba hedseti hizi zinaweza kuwazuia kusikia milio ya tahadhari isiyopita kwenye intakomu. Ningeisoma kabla ningejiokolea kicheko cha watu.

Basi kazi yako ya kwanza ni hii, na ifanye ukiwa chini: ijue kila tahadhari ya ndege yako inalilia wapi. Je, inaingia kwenye hedseti kwa waya, au inalia hewani? Kaa kwenye kiti, vaa hedseti, washa kizima kelele, mwambie mwenzako aweke kitambaa safi kwenye lile tundu la bawa avute hewa kwa mdomo. Ndivyo honi ile inavyopimwa kila siku, wewe utakuwa umeongeza sikio tu. Ndege nyingine zina honi ya umeme, nyingine taa. Zenye magurudumu ya kukunja zina mlio wake pia, na kwenye baadhi mlio huo unatoka kwenye spika ya darini tu. Na kile kifaa kidogo cha kutambua gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi ulichobandika kwenye dashibodi, ukidhani kinakulinda? Kama kinapiga kelele tu, na wewe umevaa kizima kelele, kinamlinda nani? Tafuta chenye taa kali au kinachotetemeka, ukiweke machoni.

Kisha jambo la betri, maana hapo pia nimepita. Miezi mitatu baada ya kuinunua nilimchukua shemeji yangu kumtembeza. Tunakaribia uwanja, mara kelele zote zikarudi kwa mpigo. Nakuapia nilijua injini inapasuka. Nilivuta joto la kabureta, nikasukuma mchanganyiko wa mafuta mpaka mwisho, nikawasha pampu, nikaangalia magneto zinazotoa cheche za injini, huku moyo unanitoka. Shemeji akaniuliza kwa upole, "Hiyo ni kawaida?" Mwongozaji wa mnara alikuwa ameniita mara mbili. Injini ilikuwa nzima kama ilivyotoka kiwandani. Betri mbili za AA ndizo zilizokuwa zimekufa. Taa nyekundu ilikuwa imepepesa muda mrefu, lakini kiboksi cha hedseti kilikuwa kimeteleza katikati ya viti.

Kumbe redio haikukatika hata kidogo. Kwenye hedseti nyingi betri zinaendesha kizima kelele tu. Maikrofoni inapata umeme wa ndege. Unabaki na hedseti ya kawaida, yenye kelele, inayofanya kazi. Ningelijua hilo kwa mwili, siyo kwa kitabu, nisingehangaika. Kwa hiyo kizime mwenyewe, makusudi, ukiwa juu na mwalimu, mara kadhaa, mpaka uuzoee ule mshtuko. Betri za akiba ziwe mahali mkono unafika bila kugeuka. Kiboksi kibane kwenye mkanda au mfuko, taa yake ikutazame. Na zikifa ukiwa umeshaanza kushuka kutua, ziache zife. Hakuna aliyewahi kuanguka kwa sababu ya kelele za dakika tano, lakini kuinama kutafuta betri karibu na ardhi ni jambo jingine.

Miwani nayo: yenye mikono minene inainua sponji, pengo linaingiza kelele, nawe unapandisha sauti ya redio, tunarudi kulekule kwa mwizi wa kwanza. Nunua ya mikono myembamba.

Muziki sasa. Hapa nitakuwa mkali, na mkinichukia mnichukie. Hedseti za siku hizi zina Bluetooth, na wauzaji wanakwambia muziki unanyamaza wenyewe redio ikiongea. Ni kweli unanyamaza. Lakini unanyamazia redio. Haunyamazii zumari la bawa wala mkanda uliosahauliwa nje ya mlango unaogonga bodi. Umechukua kimya kilichokusudiwa kukusaidia kusikia, ukakijaza tena. Kwenye mwendo mrefu wa moja kwa moja, sawa, mimi si padri. Kuanzia unapoanza kushuka, zima. Na kama wewe bado ni mwanafunzi, usiunganishe simu kabisa. Najua utaunganisha. Nami niliunganisha.

Wala sisemi uitupe. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, yaani kwenye 94 una saa moja tu. Ndani ya ndege ndogo ya injini moja kelele hufika huko bila taabu. Mwalimu wangu, yule mwenye kicheko, siku hizi simu ikiita mezani hageuki mpaka aguswe bega. Aliruka miaka yote hiyo sikio moja wazi nusu. Nani aliyenunua uziwi?

Sasa wewe mwenye saa 11. Maliza mafunzo ya stoli kwa hedseti ya chuo, ibane kichwa hivyo hivyo, ili masikio yako yajue ndege inavyolalamika. Ukija kununua, siku ya kwanza usiende peke yako. Nenda na mwalimu, mrudie stoli zote, sauti ya redio iwe chini. Kuhusu aina, nina mbili ninazoziamini na nitakutajia. Ila niandikie kwanza: honi ya ndege unayojifunzia inalilia wapi, na je, umeshaisikia ukiwa umevaa?