Swingi na bluzi kwa bendi ya jazi: angalia tarumbeta ya kwanza na safu ya mdundo kabla ya yote

Mkuu, umeuliza namna ya kuchagua vipande viwili vya swingi na kimoja cha bluzi kwa bendi ya wapigaji 13, wakati mipangilio mingi imeandikiwa 17.

Usianze na rekodi. Fungua karatasi ya tarumbeta ya kwanza, tafuta noti yake ya juu kabisa. Kama mpigaji wako anaishia G iliyokaa juu tu ya mistari mitano, kipande kinachomrudisha kila mara kwenye C yenye mistari miwili ya ziada kitamchosha midomo kabla ya ukurasa wa mwisho, na kilele mara nyingi kiko hukohuko mwisho. Hesabu na mapumziko. G ileile akiishikilia vipimo (makundi ya mapigo, kwa kawaida manne manne) vingi mfululizo ni mzigo kuliko C moja ya kupitia.

Pili, mwendo. Mapigo 120 hadi 160 kwa dakika ndipo swingi hukaa vizuri kwa bendi inayojifunza. Watu hudhani polepole ndiyo rahisi, sivyo kabisa. Chini ya 80 nafasi kati ya mapigo ni pana, besi na dramu huanza kukimbia, na kila mtu huweka noti fupi mahali pake mwenyewe. Safu ya mdundo (besi, dramu, piano na gitaa) isiyotulia haiokolewi na saksafoni nzuri. Kama una piano na gitaa pamoja, gitaa lipige mapigo manne sawasawa kwa sauti ndogo, kama Freddie Green katika bendi ya Count Basie, na piano iachie nafasi. Vyote viwili vikirushia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) popote, vitagongana.

Kuhusu wapigaji pungufu: katika safu ya saksafoni tano, mara nyingi baritoni hurudia sauti ya alto ya kwanza, oktava moja chini. Ukimkosa, uzito unapungua ila kodi inabaki. Ukimkosa tenori wa pili, huenda imepotea noti ya tatu au ya saba, na kodi inasikika tupu. Hapo mpe baritoni sehemu hiyo, lakini iandike upya kwa kuipandisha kwa tano kamili (nusu-toni saba), maana tenori ni ya Bb na baritoni ni ya Eb: zikisoma C, ya kwanza hutoa Bb na ya pili hutoa Eb.

Bluzi ichukue katika Bb au F. Katika Bb, tarumbeta na tenori husoma C, alto husoma G. Gitaa hupenda A, lakini hapo tarumbeta husoma B yenye shapu (alama za kupandisha noti nusu-toni) 5 na alto F# yenye shapu 6. Wanaoanza solo watakwama.

Piga hesabu ya muda pia. Mzunguko wa vipimo 12 kwa mapigo 120 ni sekunde 24, hivyo watu watano wakipiga mizunguko miwili kila mmoja ni dakika 4 za solo tu. Bila vijibizo (vipande vifupi vya wapigaji wengine) nyuma yao kipande kinalegea. Kama mpangilio hauna, tunga mwenyewe: noti mbili tatu zinazorudiwa, saksafoni ziingie mzunguko wa pili wa kila solo. Wimbo wa Duke Ellington, "C Jam Blues", umejengwa kwa noti mbili tu, G na C, na unatosha kabisa.